Pikipiki Iliyoleta Pombe ya Posa

Kokugonza alikuwa wa tisa kwenye foleni ya sabuni pale Kemondo aliposikia mlio kama wa mbuzi anayekoholea ndani ya debe. Hakugeuka. Ulikuwa mlio wa kitu ambacho mchumba wake alikiunda kwa miezi minne kule Kashai, na Jumapili hiyo kilikuwa kinapeleka pombe ya posa kwa baba yake.

Philbert akatokea ndani ya vumbi, juu ya pikipiki yake. Injini ilitoka kwenye mashine ya kukobolea kahawa. Usukani ulikuwa wa baiskeli, tangi la mafuta lilikuwa bomba la kupulizia dawa mibuni, na kiti kilikatwa kwenye benchi la kanisa, bado kina jina la familia iliyolitoa. Ubavuni, juu ya gurudumu la toroli, ulifungwa mtumbwi wa mti ambamo babu zake walikanyagia ndizi za pombe. Ndani yake vilikaa vibuyu vinne vya rubisi, pombe ya ndizi, vimezibwa midomo kwa majani ya mgomba, vimenyamaza kama mapadre safarini.

Foleni ya sabuni ikavunjika.

Kokugonza hakufurahi. Baba yake, mzee Byabato, alikuwa na neno moja: pombe ya posa huja kwa miguu ya watu. Kabla ya kupokea kibuyu huwaambia walioleta watoe miguu aikague, na asipoona vumbi, kibuyu kinarudi kilikotoka na posa imekwisha. Dada yake mkubwa alimkosa hivyohivyo mwalimu mwenye mshahara. Wabebaji walipanda basi, wakashuka na miguu safi kama ya malaika.

Philbert aliambiwa yote hayo. Lakini ndugu zake walikuwa wametawanyika kwenye vijiji vipya vya ujamaa, na hakuwa na wa kumbebea. "Mzee akiiona mashine atasahau miguu," alisema. Alikuwa na akili nyingi Philbert, zote za vyuma.

Wa kwanza kuifikia alikuwa Karugendo, bwana shamba, mwenye Honda ya serikali aliyoiogesha mara nyingi kuliko wanawe. Akaizunguka mara tatu, mikono nyuma, kama anayekagua mibuni yenye wadudu.

"Hii si pikipiki," akasema. "Hili ni kosa."

"Kosa linalotembea!" Huyo alikuwa Mustapha mwenye duka, aliyekuwa na pikipiki ya BSA tangu enzi za Mwingereza. Alikwisha kupiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. "Hebu sikieni inavyopumua. Philbert, kabureta umeitoa wapi?"

"Kopo la maziwa."

"Kopo la maziwa!" Machozi yakamlengalenga.

Katekista Clavery, ambaye kipikipiki chake cha parokia kilishindwa na kila mlima, alisoma jina kwenye kiti, akaguna. "Benchi letu hili. Tulidhani limeliwa na mchwa."

"Liliingiwa, katekista. Nimechukua waliposaza."

"Haya. Na breki ziko wapi?"

Philbert akanyoosha mguu usio na kiatu, akamwonyesha kisigino.

Kokugonza akawatazama. Wanaume watatu, wamelewa wote na kibuyu hakijafunguliwa. Kwa baba yake zilibaki maili mbili za mlima. Kisha akamtazama Ayubu, mgambo, aliyekaa na kamba yake kwenye kizuizi. Mwaka ule mafuta yalikuwa adimu, na Jumapili ikifika saa nane mchana gari wala pikipiki haikuruhusiwa barabarani. Ayubu hakuwa na saa. Alitegemea redio ya dukani kwa Mustapha.

Ilibaki nusu saa. "Niacheni waitu, ndugu zangu, nina safari," Philbert akasema.

"Samahani, bwana shamba," Kokugonza akasema, macho chini kama msichana aliyelelewa. "Sisi tulioishia darasa la saba hatujui. Honda na hii, ipi ina nguvu mlimani?"

Basi ikawa kazi. Karugendo akachora mlima kwenye vumbi kwa kijiti. Mustapha akaufuta, akachora wake. Clavery akasema mlima hauko hivyo, magoti yake ni mashahidi. Philbert, mwenye haraka zake, akasikia mtu anasema mnyororo ni mrefu mno, akarudi kuutetea kama mama aliyetukaniwa mtoto. Walipoelekea kutulia, Kokugonza akauliza habari za plagi.

Redio ikatangaza saa nane. Ayubu akavuta kamba.

"Zima hapo!"

"Ayubu, ndugu yangu, hii ni pombe ya posa!"

"Hata ingekuwa ya askofu. Zima."

Philbert akazima, akaketi chini, uso umemshuka.

"Ikizimwa si pikipiki tena," Kokugonza akasema polepole. "Ni toroli. Au siyo, afande?"

Ayubu akafikiri. Tangu ifike alikuwa anatamani kuigusa. "Toroli ruksa."

"Basi atakayeisukuma mpaka kwa tata, baba yangu, kesho ataiendesha."

Philbert akafungua mdomo. Kokugonza akamtazama, naye akaufunga.

"Viatu vya serikali vitaharibika huko juu," akamwambia Karugendo. "Nipe nikubebee. Na ninyi pia, waitu."

Wakavua. Mustapha akakunja kanzu. "Mimi nasukuma chuma," akasema. "Kilichomo ndani sikijui."

Walipanda wakigombana ni nani yuko karibu zaidi na injini. Ayubu aliisahau kamba barabarani. Kokugonza alifuata nyuma, viatu ndani ya kapu la sabuni ambayo hakuinunua.

Mzee Byabato aliwasubiri uani. Akakitazama chuma, midomo imekaza.

"Tangu asubuhi nasikiliza mlio wa chuma nilichoambiwa," akasema. "Sikusikia. Toeni miguu."

Wanaume watano wakajipanga ukutani. Vumbi lilikuwa mpaka magotini. Mzee akainama mguu kwa mguu, akakawia kwenye ukucha wa bwana shamba uliotoka damu.

"Leo hata serikali imetembea," akasema, na akapokea kibuyu cha kwanza kwa mikono miwili.

Wageni walipokuwa wanakunywa, na Mustapha anapewa ndizi mbivu, mzee alitoka kimyakimya. Akaizunguka mashine mara tatu. Akaligusa kopo la maziwa.

"Ayubu! Ua wangu ni barabara?"

"Hapana, mzee."

"Basi iwasheni."

Mbuzi akakohoa ndani ya debe. Kuku wakarukia mibuni, na mzee akacheka mpaka akashika kiuno.

"Nilikuambia!" Philbert akampigia kelele Kokugonza. "Nilikuambia akiiona tu!"

Kokugonza alikuwa anapanga viatu mlangoni, jozi nne, safi kama vimetoka dukani.