Maneno Mawili kwa Daktari

Karani wa dirisha la hospitali aliirudisha kadi ya bima kwa ncha za vidole. "Mama, bima inalipia mgonjwa. Binti yako mzima, kaja na fomu ya michezo. Hiyo hailipiwi."

Mashindano yalikuwa keshokutwa. Bila mhuri wa daktari, binti huyo, Mshale kama shule nzima ilivyomwita, asingekimbia. Mama yake alimvuta pembeni. Tangu amzike mumewe, mjane huyu hakuwahi kusema uongo, hata ule mdogo wa kumwondoa mgeni mlangoni.

"Ukiingia, sema kifua kinabana. Maneno mawili tu, mwanangu. Dhambi ni yangu."

Alitegemea binti acheke. Hakucheka.

Karani aliposikia kifua, akaipokea kadi. Ndani, daktari alitania, "Haya bingwa, miguu inataka mbio, kifua kimegoma?"

"Kinabana," alisema Mshale. "Nikifika kona ya mwisho. Halafu moyo unaruka, kama umejikwaa. Juzi macho yaliingia giza, nikashika ukuta."

Mama akamfinya paja. Mtoto huyu, kuambiwa atie chumvi, kamwaga kopo zima!

Daktari alimwekea kipimo cha moyo kifuani, akasikiliza. Akahamisha kipimo, akasikiliza tena. Akamchuchumaza, akamsimamisha, akasikiliza mara ya tatu. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

Mama alishindwa kuvumilia. "Nisamehe, daktari. Ni uongo. Nimemfundisha mimi, ili kadi ikubali. Hana kitu huyu. Mwambie, mwanangu."

Mshale aliinamia viatu vyake vya mbio, vilivyokuwa mapajani.

"Mama, wewe ulinipa maneno mawili tu."

"Na hayo mengine?"

Binti akazungusha kamba ya kiatu kidoleni.

"Tangu lini?" aliuliza daktari.

"Tangu likizo. Ningesema, mngenitoa kwenye timu."

Daktari aliisukuma kando fomu ya michezo bila kuigonga mhuri, akanyanyua simu. "Leteni kiti cha magurudumu chumba namba nne. Sasa hivi."

"Kiti cha nini?" mama aliruka. "Si kaja kwa miguu yake!"

"Kaja, mama. Kutoka, hapana. Asipige hata hatua moja."

Magurudumu yakaanza kusikika koridoni. Mama alivichukua vile viatu mapajani mwa binti, akavikumbatia. Alijua sala ya safari, ya mgonjwa na ya msiba, zote kwa moyo. Akafumbua mdomo, na hakujua aanze na ipi.