Mimi Sina Neno

Friza ya Dativa ilijaa mpaka mlango ukagoma kufunga, na mumewe Melkiori hakuthubutu kuuliza kwa nini. Alikwishajua. Kila Jumapili tangu Wema aende Hispania, Dativa alipika ndizi na nyama kama kawaida, akapakua sahani tatu kwenye nyumba yenye watu wawili, kisha ile ya tatu akaimimina kwenye bakuli la plastiki na kuigandisha. Mtoto atakuja kula Krismasi. Ndizi za Septemba! Jamani, hata paka asingezigusa.

Wema alikuwa binti yao wa pekee, mwanafunzi wa chuo hapo Saint Paul, Marekani, na alikwenda Granada kusoma Kihispania kwa muhula mmoja. Arudi Desemba, ndivyo walivyokubaliana mezani kwao Golden Valley. Sasa ilikuwa Novemba, na wiki hiyo aliandika ujumbe kwamba anataka kubaki mpaka Juni. Chuo kinataka jibu Jumatatu, wazazi mnasemaje?

Baba alijibu, "Mama yako akikubali." Melkiori anajua kujiepusha na ugomvi, huyo.

Mama hakujibu chochote. Alikwenda zake hospitali, akahudumia wagonjwa wake uso umemkunjika, mpaka Njeri, nesi mwenzake wa kutoka Nyeri, akamchokonoa wakiwa wanakula.

"Si umwache tu a-enjoy, Mama Wema," Njeri alisema. "Ni miezi tu. Haendi vita."

"Mimi nilikuja hapa kusoma miaka miwili, Njeri. Miwili tu. Sasa niambie, Wema ana umri gani?"

Njeri akainamia chakula chake, maana na yeye alikuja kwa miaka miwili.

Lakini tuseme ukweli, lililomchoma Dativa zaidi halikuwa hiyo miezi. Lilikuwa yule mama. Wema alikaa kwa mjane mmoja aitwaye Encarna, na kila akipiga simu ni Encarna kanifundisha hiki, Encarna kanipikia kile, Encarna ni mama yangu wa Granada. Mama! Dativa alizaa kwa kupasuliwa, akalea homa na meno na mitihani, halafu leo mtu anaibuka huko na kuitwa mama. Na maneno yote hayo yalikuja kwa Kiingereza, kwa sababu Wema anasikia Kiswahili chote ila kukisema hataki. Ukimuuliza kwa Kiswahili atakujibu kwa Kiingereza. Ndivyo walivyoishi miaka yote, na wakazoea.

Hata hivyo adabu ni adabu. Mtoto wako hawezi kula na kulala kwa watu wewe umenyamaza tu. Kwa hiyo Oktoba Dativa alikwenda mtaa wa Phillips, kwenye duka la Msomali, akachagua kitenge cha maana, akaongeza pakiti ya kahawa ya kwao Bukoba, akatuma Granada. Jumamosi hii Encarna alitaka kushukuru kwa video. Dativa akaona, vyema kabisa. Nitamwomba mwenyewe anirudishie mwanangu. Wazazi wawili wakishaelewana, mtoto atasema nini?

Saa nne asubuhi simu ikaita. Huko Granada ilikuwa jioni. Wema alikaa kando ya mwanamke mfupi mwenye miwani, ambaye kile kitenge kipya alikuwa amekitandika mezani na kuweka vikombe juu yake. Wema naye alijitanda kitenge, ila cha zamani, chenye ndege wa bluu. Ala! Kitenge hicho Dativa alikitafuta tangu Agosti, na Melkiori ndiye aliyelaumiwa.

Encarna hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Akawa anaongea mbio, anabusu skrini, anainua kikombe cha kahawa.

"Wema, utanitafsiria," Dativa alisema. "Nitasema Kiswahili. Asante ya mtu aliyekulelea mtoto siwezi kuisema kwa Kiingereza, inakuwa kama barua ya benki."

Melkiori akavuta kiti chake taratibu kuelekea mlangoni.

"Mwambie hivi. Mama mwenzangu, Mungu akuzidishie kwa kunilelea mtoto. Lakini huyu ndiye pekee niliye naye. Usimshawishi kukaa. Desemba nirudishie mwanangu."

Wema alitazama chini. "Mama," alianza kwa Kiingereza, "siwezi kumwambia hivyo."

"Mwambie."

Akamwambia. Sauti yake kwa Kihispania ilikuwa nyingine, nzito kidogo, mikono nayo ikiongea. Dativa alikuwa hajawahi kumwona mwanawe hivyo. Encarna akaweka kikombe chini na kujibu maneno mengi, Wema akamkatiza, wakabishana, mwisho mama yule akampiga bega kumhimiza aseme.

"Anasema," Wema akasita, na yaliyomtoka yakawa Kiswahili. Labda kichwa kilichoka kuhamahama, labda mwenyewe hakujua. "Anasema yeye hajanishawishi. Anasema mwezi wa kwanza mimi nilikuwa nalia. Kila siku. Kwa bafu. Nafungua maji ili yeye asisikie."

"Ulikuwa unalia?"

"Wanaongea haraka sana, Mama. Kwa darasa nilikuwa sielewi kitu. Mtihani wa kwanza nilifeli. Kwa njia watu wananishika nywele, hawaombi. Halafu wewe unapiga simu, na mimi nasema niko sawa."

Encarna akaongeza jambo. Wema akafumba macho kabla ya kulisema.

"Anasema aliniambia nirudi nyumbani kwako. Nilikataa. Nilimwambia, mama yangu alienda Marekani peke yake, hajui mtu, na hakulia. Sasa mimi nitamwambia nini?"

Hakulia! Nani alimdanganya mtoto huyu? Yeye mwenyewe. Maisha yake ya kwanza hapa aliyasimulia mezani kwa vichekesho vitupu: jinsi alivyotoka na kandambili kwenye theluji, jinsi alivyoiogopa lifti. Habari ya chumba cha kufulia kule chini ya bweni hakuwahi kuigusa. Humo alikuwa akiwasha mashine tupu izunguke, halafu analia wee mpaka isimame.

"Nililia, Wema," alisema. "Nilikuwa nawasha mashine ya kufulia, haina hata soksi ndani, ili watu wasinisikie. Mtafsirie na mwenzangu asikie."

Wema akatafsiri huku anacheka na machozi yanamtoka. Encarna akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa.

"Na sasa?" Dativa akauliza. "Bado unalia?"

"Hapana, Mama. Sasa naenda sokoni, nagombana na mtu wa samaki, na yeye ananiogopa. Utani wao nimeanza kuelewa. Mtihani wa juzi nilipita." Akajivuta kile kitenge cha ndege mabegani. "Nikirudi Desemba, ni kama nimelia bure."

Dativa alikuwa na neno lake moja, alilolibeba wiki nzima, nalo lilikuwa hapana. Akafungua mdomo.

"Kaa, mwanangu," akasema kwa uchangamfu. "Kaa umalize. Mimi sina neno."

Kelele aliyopiga Wema ilimrudisha Melkiori na kiti chake. Encarna akabusu skrini tena, wote wakapungiana mikono, picha ikazimika. Dativa akabaki ameshika simu, ameduwaa, maana ile sauti aliitambua, na haikuwa yake.

Ilikuwa ya mama yake. Dativa alipomaliza ile miaka miwili alinunua kadi ya simu, akapiga Bukoba kwa jirani mwenye simu, akaomba aongeze mwaka mmoja tu. "Kaa, mwanangu. Mimi sina neno." Uchangamfu uleule. Dativa aliamini. Akaamini miaka yote kwamba mama yuko salama na migomba yake na wanakwaya wake, hana shida. Mwaka ule ukazaa mwingine, akapata kazi, akaolewa, na kwao akawa anafika mara mojamoja na begi la zawadi, kama mgeni.

"Umefanya vizuri," Melkiori alisema.

"Niache kwanza, baba Wema. Nampigia mama."

Bukoba jua lilikuwa limekwishatua. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kwao wanaoliwa, na nyuma ya sauti ya mama yake Dativa alisikia kikaango kikichachatika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu anarudi lini kutoka huko kwa Wahispania?"

"Harudi sasa. Anataka kukaa mpaka Juni. Nimemwambia akae."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia sina neno."

Mwiko ukasikika ukigeuza senene.

"Pole, mwanangu," alisema.

Hapo Dativa aliangua kilio waziwazi jikoni kwake, mbele ya mumewe, bila mashine yoyote ya kumficha.

"Mama, siku ile nilipokuomba niongeze mwaka. Na wewe ulikuwa na neno?"

"Ungelifanyia nini? Ulikuwa mbali, na kadi yako inakwisha."

"Likizo niliyoomba kazini nikae na Wema Desemba ninayo bado. Nakuja Krismasi, Mama. Kweli nakuja. Niwekee senene."

"Senene?" Mama yake akacheka kidogo. "Huwa nakuwekea, waitu mwanangu. Kila msimu najaza kopo lako, naliweka juu ya kabati. Ukifika msimu mwingine hujaja, wale nawapa watoto wa jirani, najaza tena."

Dativa alijifuta uso kwa kiganja.

"Mwaka huu usiwape, Mama," alisema.