Bi Mkubwa na Mwenye Hoteli

...na kidole gumba kisizunguke hendeli ya kuwashia gari, kilale upande mmoja na wenzake, maana injini ikipiga teke chuma kinarudi kinyume na gumba lililokikumbatia linavunjika, marehemu mumewe alivunjika hivyo hivyo, akacheka huku machozi yanamtoka, "Bi Mkubwa ana wivu leo," na yeye mkewe akamfunga kwa kipande cha bitana kutoka kwenye cherehani yake... Bi Mkubwa, ndivyo gari lilivyoitwa tangu siku ya harusi, kwa kuwa lilitangulia kuingia nyumbani, gari la mashindano la enzi za mababu, halina paa wala milango, silinda zake nne tu lakini kila moja ungetumbukiza ndoo, na bibi harusi akaambiwa basi wewe ndiye Bi Mdogo, akakubali, akaishi na mke mwenza anayekunywa kuliko ukoo mzima...

"Shemeji, achana na hiyo hendeli, utajiumiza bure," huyo mdogo wa marehemu, yuko mlangoni mwa gereji, na kando yake mwenye hoteli, viatu vyeupe, anakanyaga kwa ncha za vidole asiguse oili, "Hata isipowaka, mama, mimi naichukua, tutaitoa pistoni na vyuma vyote vya ndani, sakafu ya mapokezi isielemewe, wageni wanataka kupiga picha tu"... vyuma vyote vya ndani, anasema kama anayeagiza kuku aliyetolewa utumbo, na yeye mwenyewe Bi Mdogo ndiye aliyesema ndiyo asubuhi, liuzwe, alichotaka ni kuliwasha mara moja mbele ya huyu bwana ili ajue anachukua kitu kizima... ili iweje, amsifu? gasketi za kuziba maungio ya injini alizikata yeye, kwa mkasi wa kushonea suti, maana mkono wa mumewe ulikuwa mzito, kiti alikishona yeye, ngozi nene hata cherehani ikalia, na siku injini ilipoamka mara ya kwanza madirisha yalitetemeka, jirani akatoka na taulo kiunoni akiuliza nyumba ya nani imeanguka, na wao wawili weusi kwa moshi wanacheka tu...

"Shemeji, unasikia?" anasikia, sana tu, anasikia pia sauti ya marehemu, kaa pembeni, mke wangu, pampu petroli, kwa sababu gari hili halijisukumii mafuta, mtu wa pembeni akiacha kupampu linakata, na yeye alipampu miaka yote, bega likamwota misuli, mumewe anashika usukani na kupungiwa mikono barabarani, hakuna aliyempungia mpampu, wala yeye hakuwahi kuomba, aliona usukani ni wa mume na Bi Mkubwa wake... wa nani sasa? wamebaki wajane wawili humu, na mwenzake hana mdomo wa kukataa, basi atakataa yeye kwa niaba ya wote wawili, ndiyo ya asubuhi ilikuwa ya mtu mpweke, ya sasa ni hapana, haendi mapokezi mtu, hatolewi utumbo mtu, na leo usukani anashika yeye, mwenye hoteli asogee asichafuke, au achafuke, shauri yake, na huyu shemeji mwenye maneno mengi atakaa pembeni, atapampu, akitaka kusema na aseme huku anapampu... hendeli bado baridi kiganjani, hajaizungusha, "Shemeji?" ngoja kwanza, avute pumzi.