Mbao Zenye Akiba ya Mshono

Miaka minane amemwoa binti wa watu, na hata siku moja baba mkwe hajamwita fundi. Mzee ni seremala mstaafu, na kwake yeye fundi ni mtu wa mbao, basi. Huyu mkwewe anayeshinda kwenye cherehani akishona suruali, mzee alimpa jina la Sindano, na jina likaganda. Sindano aliitika kwa adabu, maana mkwe ni mkwe, lakini lilimuuma.

Sasa karakana ya mzee ikavunjwa. Mbao za kuta zake, kuukuu na ngumu kama roho ya mwenyewe, zilikuwa ziishie kuwa kuni. Mke wa Sindano akazililia.

"Zipigwe sebuleni kwangu, ukuta mmoja tu," akasema. "Ubao ule niliochonga jina langu nikiwa mtoto uwe juu kabisa."

Mzee akasema atakuja kuzipiga mwenyewe. Hapo Sindano, sijui nani alimtuma, akafungua mdomo. "Usijisumbue, baba. Nitazipiga mimi."

Mzee alimtazama juu hadi chini. "Ziko kumi na mbili, Sindano, wala hakuna nyingine. Jumamosi nikikuta umeziharibu, nazibeba."

Ijumaa Sindano akachukua futi yake ya shingoni, akapima ukuta kwa chini, akakata mbao zote. Akaweka ubao wa kwanza ukutani, hauingii. Umezidi vidole viwili. Wa pili, vilevile. Akakaa kwenye kigoda akijiuliza, mpaka akaelewa: mkono wake, kwa mazoea ya miaka ishirini, ulikuwa umeongeza vidole viwili vya mshono kwa kila ubao.

Mkewe alicheka mpaka akashika mlango. "Baba watoto, hizi ulitaka kuzikunja wapi?"

Kesho yake, kabla Sindano hajamaliza kutafuta msumeno, mzee akabisha hodi. Wakwe bwana, hawachelewi panapokuwa na aibu. Alipoelezwa, alicheka kwa raha zake zote, kisha akavua koti.

"Lete hapa. Seremala hupima mara moja, mbao zote zinafuata."

Akapima pale chini sakafuni, akakata sita kwa kipimo hicho, akaanza kupiga misumari kutoka chini kupanda. Wa kwanza ukakaa sawa, wa pili na wa tatu pia. Wa nne ukaacha mwanya wa penseli. Wa sita, kidole kikaingia chote. Mzee akapapasa ukuta, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. Ukuta ulikuwa unapanuka kadiri unavyopanda. Waliojenga nyumba ile walikuwa na haraka zao.

Sindano alimwonea huruma kweli. Aliyazoea majivuno ya mzee, hii sura ya kuishiwa hakuwahi kuiona.

"Baba," akasema taratibu, "mimi sijapata mteja aliyenyooka. Huyu bega limepanda, yule nyonga imelala. Ndiyo maana kwenye nguo napima kila mahali, na naacha akiba."

Mzee alisogea pembeni. Sindano akaokota vipande vilivyokatwa, akachonga viraka vya kuziba ile mianya, akilinganisha mistari ya mbao kama anavyolinganisha mistari ya kitambaa anaposhona mfuko. Mzee akavaa miwani kutafuta kiraka kilipo, akaivua, akaivaa tena. Mbao zilizobaki na vidole vyake viwili Sindano akazipima mmoja mmoja pale pale zinapokaa, mzee akakata, na kila mmoja ukaingia kwa kusukumwa na kiganja.

Ukabaki wa juu kabisa, ule wenye jina. Mzee aliushika muda mrefu, penseli sikioni, asiweke alama.

"Fundi," akaita.

Sindano akageuka kutazama mlangoni nani kaingia. Hapakuwa na mtu, isipokuwa mkewe, na safari hii alikuwa hacheki.

"Wewe nakuita," mzee akasema, macho kwenye ubao. "Njoo unipimie huu. Huu sitaki kuukosea."