Zima, Kisha Washa

Shangazi aliiweka simu juu ya cherehani, katikati ya sare za shule alizokuwa akizishona, akaisukuma kwa kidole kama anayesogeza kitu kilichooza.

"Hii ina kiburi kama mume wangu akiulizwa alikolala. Kurasa za watu wote inafungua, ukurasa wetu tu inaugomea. We si ndiye mtaalamu wa familia? Haya, itibu."

Binti wa kaka yake aliichukua. Ukurasa huo Shangazi aliuanzisha mwenyewe: akina mama wa mtaa walipiga picha maji ya bomba yakitoka na rangi ya chai, wakaambiana siku ya kuyachemsha na siku ya kutoyagusa kabisa. Juzi serikali iliitaka kampuni ya intaneti anakofanya kazi binti iufunge. Kampuni haikuuliza hata swali. Meneja aliwakusanya watu wa huduma kwa wateja: "Mteja akiuliza, ni hitilafu ya mitambo. Aking'ang'ania, mwambieni azime simu, kisha awashe."

Binti aliizima simu. Akaiwasha.

"Bado, Shangazi. Labda ni mitambo."

"Mitambo gani? Ni mimi." Shangazi alivua miwani. "Jana nilibonyezabonyeza nikitafuta picha ya mjukuu. Nimefuta kila kitu kwa vidole hivi vya sindano." Akaichukua simu, akaanza kuwarekodia ujumbe wale akina mama wachache aliokuwa na namba zao. "Jamani, nisameheni. Nimewaharibia ukurasa kwa ujinga wangu. Maji ya leo sijui yakoje..."

"Usiutume!"

"Kwa nini?"

Binti aliuzuia mkono wa Shangazi. "Hujafuta kitu. Serikali imetaka ufungwe, na sisi tukaufunga."

"Nyinyi nani?"

"Kampuni. Mimi ndiye ninayewaambia watu wazime simu."

Shangazi alimtazama. "Na sasa hivi, mwanangu, ulipoizima hii yangu, ulikuwa unatafuta nini?"

Shangazi akaufuta ujumbe wake, akamsogezea simu.

"Basi sema wewe. Sauti yako wanaijua, wakikwama si wewe wanayekupigia?"

"Shangazi, kazini wakisikia..."

"Hao akina mama wana watoto wanaoyanywa maji hayo."

Binti alibonyeza kitufe cha kurekodi. Alisema neno moja, akalifuta. Akakohoa, akaanza upya:

"Shikamooni, mama zangu. Simu zenu ni nzima."