Kichwa cha Larissa

Immaculée aliamua kumuudhi binti yake, na kazi hiyo aliifanya kwa moyo mmoja.

Kwa Batwa, watu wa kwao kule Kivu, Kongo, kichwa cha udongo hakikamiliki bila nywele, nazo huchorwa kwa kamba ya majani iliyosukwa, ikabiringishwa juu ya udongo mbichi. Sasa vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, havisuki tena. Vichwa vyote alivyofinyanga tangu mwaka jana vilitoka vipara, na kila kipara kilimuuma. Mama yake alimwachia kazi ile. Yeye hakuwa na wa kumwachia. Larissa, msusi hodari hapo Sydenham, Durban, kila akiombwa alijibu kwamba udongo unaharibu kucha.

Basi akafinyanga kichwa cha Larissa mwenyewe. Uso aliutendea haki. Nywele akazikwaruza kwa uma, ovyo, kama mahali palipopekuliwa na kuku. Akakiweka mlangoni mwa saluni ya binti yake, akarudi kwenye meza yake uani kunywa chai.

Chai haijapoa, Larissa akaingia amekibeba kile kichwa.

"Maman, pua iko sawa. Lakini hizi misuko? Wateja banauliza kama ni kazi yangu."

"Mikono yangu imefika hapo, mwanangu," Immaculée alisema, akijitia unyonge.

"Eish, Maman."

Larissa akalainisha mikwaruzo kwa maji, akachomoa rasta, nywele za bandia za kusukia, mfukoni, akasuka kamba nyembamba bila hata kuitazama, akaibiringisha toka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Mistari ikatoka midogo, imepangana vizuri.

Immaculée akaweka kikombe chini. Zilikuwa nywele zilezile za vichwa vya mama yake, na zimetoka kwenye rasta ya dukani. Alitaka kulia, akakohoa.

"Kushoto kumelegea," alisema.

"Kumelegea wapi?" Larissa akafuta, akarudia. Kisha akasita. "Maman, hii udongo ulileta wiki iliyopita. Mbona haikukauka?"

"Durban iko na unyevu."

Larissa akainama, akafunua gunia lililoloweshwa maji chini ya meza. Vipara vikamkodolea macho.

"Na hawa? Unyevu pia?"

Immaculée akamsogezea kiti. Larissa alizitazama kucha zake, akashusha pumzi, akakaa, akainua kichwa kimoja.

"Huyu nani?"

"Nyanya yako."

"Alipenda kusukwa namna gani?"

Immaculée alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa kila aina, si kwa swali hilo. Alilia kidogo, akajipangusa kwa kanga, akaanza kumweleza.