Chumvi ya Mwalimu Pang

Siku Mwalimu Pang alipotimiza miaka themanini na tano, Peizhen alifika Wuhan na karatasi moja mkobani, na karatasi hiyo ilikuwa imemnyima raha tangu kwenye treni.

Miaka arobaini nyuma, mzee aliandika kitabu kilichoeleza jinsi Wachina wa kale walivyotamka maneno yao. Humo alisema neno la chumvi lilianza kwa sauti ya g, na wanafunzi wake wote, Peizhen akiwemo, wakalifundisha hivyo bila wasiwasi. Sasa kipande cha mwanzi chenye maandishi ya kale, kilichofukuliwa kaburini, kilikuwa kimewaumbua. Mwandishi wa miaka elfu mbili na mia tatu iliyopita, pengine kwa haraka zake, aliandika chumvi kwa alama ya neno jingine, na waandishi wale waliazima alama za maneno yanayofanana sauti tu. Neno hilo jingine lilianza kwa l, wala hakuna anayebisha. Hayo ndiyo Peizhen aliyoyaandika kwenye karatasi ile.

"Usimwambie," Tiejun alimnong'oneza mlangoni. Alimtangulia Peizhen kusoma kwa mwalimu huyohuyo, wakaitana ndugu, basi akajiona mkubwa wa kila jambo. "Mdogo wangu, mzee amebakiza siku ngapi? Subiri."

"Nisubiri afe ndipo nimkosoe, Kaka? Huo si uoga?"

"Ni adabu."

Mezani, tambi ndefu za siku ya kuzaliwa zilikuwa zikifuka mvuke. Mwalimu alimtazama Peizhen mara moja tu.

"Wewe umekuja na jambo. Tangu ujana wako, ukificha kitu huli. Hebu lete."

Akampa karatasi. Mzee akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Tiejun akalikodolea macho bakuli lake. Peizhen alijuta hata akatamani kuinyakua ile karatasi.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe miaka arobaini yote naomba chumvi, na hakuna mtu wa kale ambaye angenipa."

Akaagiza aletewe kitabu chake, akaikata ile g kwa kalamu, akaandika pembeni: Peizhen amenisahihisha, nami nimefurahi. Akaweka na tarehe.

Kisha akaonja tambi, akakunja uso. Akalitamka neno lile la kale polepole, kwa l, kama mtu anayejaribu kiatu kipya, huku amemnyooshea Peizhen mkono.

Peizhen akampa chumvi.